King'ora Kisichomwona Mbuzi

Mamangu hataki kuhama Tezo. Nimembembeleza aje akae nami Muyeye, kule Malindi, nimemnunia, nimemtuma hata shangazi akaseme naye, na jibu ni lile lile: huko kwenu nyumba zimebanana, nitapumulia wapi? Basi mwizi alipoingia uani mchana kweupe akang'oa pampu ya kisima, mama akamfumania, naye akamsukuma mpaka ukutani akaenda zake, mie ndiye niliyekosa usingizi. Akirudi tena si atamuua? Mkataa pema pabaya panamwita, nilimwambia. Akacheka.

Nikaenda Kilifi mjini kutafuta sensa, kile kidude cha kutundika nje ambacho mtu akipita mbele yake king'ora kinalia. Muuzaji alinitandazia aina chungu nzima. Za jua, za betri, za taa, za king'ora, na kila niliyouliza ubaya wake aliniapia haina ubaya. Sasa mtu utachaguaje? Nikabeba ile yenye king'ora kikali kuliko zote, kwa hasira tu, na fundi akaja akaifunga ukutani ikitazama mlango wa uani na kisima.

Lo! Hapo ndipo balaa lilipoanza. Mbuzi akipita, kinalia. Kuku akiruka, kinalia. Jua likiwaka na jani la mgomba likitikisika, kinalia. Na hayo yote si kitu. Kwetu wanawake hawapiti mlango wa mbele. Huo ni wa wageni na wa washenga. Jirani yake mama, mwenzake wa tangu ujana, kila asubuhi huingia kwa uani na ndoo yake, hodi anaipiga akiwa keshafika ndani. Atateka maji, watakunywa chai, watasengenya wee. Siku ya kwanza king'ora kilimpigia ukelele hata ndoo ikamtoka mkononi.

Nilikwenda kumwomba radhi. Aliitikia shikamoo yangu bila kunitazama.

"Mwanangu, siku hizi tumekuwa wezi?"

Nikamweleza kwamba ni mashine tu, haimjui mtu.

"Basi iambie mashine yako mie nitapita barabarani."

Na kweli akaacha kuja, akawa anateka maji kwa watu wengine. Mama akanigeuzia mie uso. Kila kidude kilipolia alisema, "Mwenye kelele hana neno," akaendelea kukuna nazi yake.

Nikampigia fundi simu mpaka akaniona nuksi. Akarudi, akapanda ngazi, akalegeza skrubu, akaliinua jicho la kile kidude.

"Sasa dada, kilicho chini ya kiuno cha mtu hakioni. Mbuzi apite, kuku apite. Kitamlilia mtu aliyesimama tu."

Mbuzi wakapita, kimya. Kuku, kimya. Nikamwambia mama, umeona? Sasa kaa raha mustarehe. Jirani lakini hakurudi, wala mama hakumfuata, kila mmoja na kiburi chake.

Asubuhi moja mama akateleza penye kisima, nyonga ikavunjika. Kusimama hawezi. Akajikokota kwa viwiko mpaka mbele ya kile kidude, akakipungia mkono, akakirushia kandambili, mwisho akakitukana matusi ambayo sikujua kwamba anayajua. Kimya! Hicho kilicholia kwa jani la mgomba, ala, leo kimya! Jua likapanda likamkuta pale pale chini.

Aliyemwokoa ni jirani. Adhuhuri alitazama upande wa jiko la mama, hakuona moshi. Mama asipowasha moto mpaka saa hiyo, ana jambo. Akaweka kiburi chini, akaja kwa njia yake ya zamani, ya uani.

Simu ilinikuta sokoni Malindi. Kwanza nilisikia king'ora, kinalia kama kinachinjwa, kisha sauti ya jirani ikishindana nacho.

"Mwanangu, njoo! Mamako yuko chini hapa tangu asubuhi! Na hiki kidude chako kinanipigia kelele mie! Mie!"

Hospitalini Kilifi nilimkuta mama amelazwa, jirani yuko ubavuni pake anamnywesha uji. Nikaanza kumlaani fundi, nikamlaani muuzaji, nikamlaani na mwizi aliyeanzisha yote. Mama akaninyamazisha kwa mkono.

"Wacha, mwanangu. Kimefanya ulivyotaka. Mie nimekuwa mbuzi, na mwenzangu huyu mwizi."

Wakacheka wote wawili, mpaka mama akajishika nyonga kwa maumivu. Mie sikucheka. Nilitoka nje nikampigia fundi aje akishushe, na kabla hajapokea nilikuwa nimeshaanza kulia.