Enta Mwisho wa Kila Mstari

Wanaokuja kujifunza kwangu siku za Alhamisi, katika ofisi ya parokia yetu hapa Kihonda, karibu wote wanajua tayari kuandika kwa kompyuta. Ni makatibu wa jumuiya, watu wazima, wengine wastaafu kama mimi. Wanajua kufungua, kuandika, kuhifadhi na kuchapa, na mtu akishajua hayo huona amemaliza. Mimi huanza kwa kuwaomba wabofye kitufe kinachoonyesha alama zilizofichika. Mara ukurasa unajaa vitone na vialama vilivyopinda. Wiki iliyopita mama mmoja alishtuka.

"Mwalimu, nimeharibu nini?"

"Hujaharibu, mama. Kila kitone ni nafasi uliyobonyeza."

"Zote hizi? Ili kichwa cha barua tu kikae katikati?"

"Zote."

"Yesu na Maria! Ningekuwa nimeshapika."

Wenzake wakacheka. Nilitabasamu nao, lakini vialama vile siwezi kuvitazama bila kumkumbuka mtani wangu.

Mimi nilijifunza kuandika kwa taipu, nilipotoka Tabora kuja kusomea ukatekista. Taipu ilikuwa na kengele. Ukikaribia mwisho wa mstari inalia, nawe unasukuma mkono wa chuma ili uanze mstari mpya. Kompyuta ilipofika parokiani nilimshukuru Mungu, nikaitumia kama taipu isiyo na kengele: kila mwisho wa mstari nilibonyeza Enta. Hakuna aliyegundua, maana karatasi zilitoka safi.

Kwa namna hiyo niliandika historia ya kigango kimoja, kanisa dogo la kijijini huko Kinole milimani. Msimulizi alikuwa katekista wa huko, Mluguru niliyesoma naye, ndiye huyo mtani wangu. Kila aliposhuka mjini alipita ofisini, akasimulia nami nikaandika: jinsi kinamama walivyopandisha mawe ya msingi kwa vichwa, jinsi kiwanja kilivyopatikana baada ya ukoo wa mama yake kukaa na kukubaliana, jinsi mlima ulivyoporomoka wakati wa masika ukafukia migomba ya kanisa na kuliacha kanisa lenyewe. Ilikuwa kazi ya muda mrefu, nayo ilitupa furaha.

Kisha macho yake yakaanza kufifia. Daktari alimwambia ni presha ya macho: dawa zingeweza kuichelewesha, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi. Alikuja ofisini moja kwa moja kutoka hospitali, kabla ya Kwaresima, akaketi.

"Mtani, siku ya sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango nataka nisimame mbele, niisome mwenyewe. Si kwa kichwa. Kwa macho. Wajukuu wanadhani babu anatunga."

Nilimpa ukurasa mmoja. Akausogeza hadi puani.

"Naziona kama siafu. Nifanyie za ukubwa wa kunguru."

"Kunguru wataenea kwenye karatasi?"

"Ninyi Wanyamwezi si ndio wabeba mizigo? Babu zako walipita hapa na pembe za ndovu. Wewe zikushinde herufi?"

"Na babu zako walipotuona wakakimbilia juu mlimani, hawajashuka mpaka leo."

Alicheka mpaka akafuta yale macho.

Alipoondoka nikakuza herufi. Kazi yote ikavurugika. Kwa kuwa kila mstari niliufunga kwa Enta, maneno yaliyokosa nafasi yalianguka chini, mawili au moja, kisha mstari mwingine ukaanza upya. Mstari mrefu, neno moja peke yake, mstari mrefu, neno moja. Hata mtu mwenye macho mazima angekwama kusoma vile mbele za watu.

Sista aliyesimamia ofisi, ambaye ndiye aliyekuwa akitufundisha kompyuta, alikuwa ametumwa Kisaki kusaidia misheni ya huko hadi Pasaka. Namba yake ya simu ninayo, na alikuwa akinipigia kunisalimia Jumapili. Sikumwuliza. Haikuwa aibu wala kiburi. Mtu haulizi njia asiyodhani ipo. Nilijua kurekebisha ni kwenda mwisho wa kila mstari, kufuta ile Enta, kuweka nafasi, kushuka mstari wa pili. Basi nikaanza, na kila ukurasa nilioumaliza nilishukuru. Kwaresima ni majira ya uvumilivu, nikaipokea kazi ile kama sehemu ya toba yangu. Umeme ulikatika mara nyingi. Masika yakaingia, na barua nilizoombwa kuandika zikanichelewesha pia.

Mtani alipiga simu mara kwa mara.

"Umefika wapi?"

"Tuko kwenye mawe ya msingi."

"Bado? Kinamama walishayafikisha zamani! Unachambua Enta kama mchele wa msiba. Fanya haraka, ndugu yangu. Leo nimemsalimia mgomba."

Tulicheka sote wawili, lakini nilipokata simu nilisali.

Sista alirudi Jumatatu ya Pasaka. Aliingia akanikuta nimeinama mbele ya kioo cha kompyuta.

"Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, baba."

"Milele amina. Marahaba, sista."

"Unafanya nini hapo?"

Nikamweleza. Alinimiminia chai, akavuta kiti, akabofya alama zilizofichika. Nilipoona vile vialama vimepangana upande wa kulia, ukurasa baada ya ukurasa, ndipo kwa mara ya kwanza nilipoona kile mikono yangu ilichokuwa ikifanya miaka yote. Akafungua sehemu ya kutafuta na kubadilisha, akaitenga kwanza miisho ya aya, kisha akaiamuru kompyuta iondoe Enta zote zilizobaki na kuweka nafasi. Akayapa maandishi yote mtindo mmoja, akanionyesha kwamba ukiubadilisha huo, kila kitu kinabadilika pamoja. Chai yangu ilikuwa bado ya moto.

"Baba, kwa nini hukunipigia?"

"Sikujua kuna cha kukuuliza, sista."

"Basi mimi ndiye niliyewafundisha nusu," akasema.

Nilipanda Kinole kesho yake na karatasi zenye herufi za kunguru. Mtani alinitambua kwa sauti. Akaipokea karatasi ya kwanza, akasogea mlangoni penye mwanga, akaiinamisha huku na huku. Mkewe aliacha kumenya ndizi, akasimama.

"Naona weupe," alisema hatimaye. "Weupe mzuri. Kunguru wameruka, mtani."

Yeye ndiye aliyenishika bega.

"Utasoma wewe. Mimi nitasimama hapo karibu. Ukikosea majina ya vilima vyetu kwa ulimi wako wa Tabora, nitakurekebisha mbele ya watu." Akanirudishia karatasi. "Na hizi herufi zirudishe ndogo. Unamaliza karatasi za parokia bure, na ninyi mnaosoma mna macho."

Siku ya sikukuu nilisoma, naye akanirekebisha, na watu wakacheka vizuri. Wajukuu zake walikaa mbele. Namshukuru Mungu kwa siku ile. Lakini nilipogeuza karatasi nilikuwa nikiisoma zamu ya mtu mwingine, na sauti iliyopaswa kusikika ilikuwa pembeni yangu ikingoja nikosee.

Nilisoma kutoka karatasi za herufi ndogo. Nilizichapa mwenyewe usiku wa kuamkia safari ya sikukuu, baada ya masifu ya jioni. Nilifungua ule mtindo, nikapunguza ukubwa, nikabofya mara moja. Maandishi yote yakajipanga, toka mawe ya msingi hadi mwisho, na hakuna neno hata moja lililobaki peke yake.