Nilivyounganisha Mfumo wa Ng'ombe na wa Viongozi

Jamani, nisitirini. Mimi ndiye mtu wa kompyuta katika ushirika wetu wa maziwa hapa Bugene. Tuna mfumo wa viongozi na watumishi, na mwingine wa ng'ombe, unaowakumbusha wafugaji kwa ujumbe wa simu ng'ombe wao akiwa tayari kupandishwa. Nilitaka sana iwe mfumo mmoja, lakini bodi ilikuwa inasitasita.

"Kijana, una hakika mambo hayatachanganyika?" aliniuliza kikaoni mwenyekiti wa bodi, Mzee Alfredi, mzee wa kanisa asiyependa utani.

"Ondoa shaka, mzee. Nimeshaiunganisha kwa majaribio. Ngoja niwatumie salamu muone wenyewe."

Nikabonyeza. Simu zikalia chumba kizima, nami nikajikalia kwa maringo nikisubiri makofi. Mzee Alfredi akavaa miwani, akasoma kwa sauti, polepole:

"Ng'ombe wako aitwaye Alfredi ana dalili za joto. Usimtoe bandani. Mtaalamu wa kumpandisha anakuja leo."

"Waitu! Jamani, hata mimi!" mama mhazini akapiga kelele, simu mkononi.

Mzee Alfredi akavua miwani, akanitazama.

"Huyo wa kunipandisha yuko njiani," akauliza, "au ndiye wewe?"