Siku Doto Alipopaa Kutoka Ziwani

Mke wangu hadi leo akitaka kuninyamazisha mbele ya wageni huuliza tu, "Doto ameshashuka?" nami nafyata mdomo, maana aibu ile niliitafuta kwa kidole changu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini, biashara zimeachiwa huru na kila mtu Mwanza anafungua chake, nami nikaacha kufundisha fizikia nikafungua chumba cha kompyuta (moja, tena mtumba). Nilikuwa napiga chapa barua za watu tu, hadi akaingia Mzee Masanja wa Kamanga, mwenye mitumbwi miwili mikubwa, Kulwa na Doto, aliyoipa majina ya mapacha wake. Alitaka kuifunga pamoja kwa kamba ivushe magunia ya pamba, na karakana yake ya kuunda mitumbwi ilihitaji mtu wa mahesabu.

"Nionyeshe haitapinduka, mwalimu, kazi ni yako."

Nilirudi nyumbani narukaruka. Hesabu zenyewe zilikuwa tamu: Kulwa akipanda wimbi anamvuta Doto, Doto akivutwa naye anamvuta Kulwa, huwezi kumtafuta mmoja ukamwacha mwenzake, kwa hiyo programu niliyoandika, ya kuwachora wakielea kwenye kioo cha kompyuta, inakwenda kwa hatua ndogo ndogo za muda, inauliza kila mtumbwi uko wapi na unavutwaje, inausogeza kidogo, inauliza tena. Hatua yangu ilikuwa sehemu ya mia ya sekunde. Picha ilitoka safi, ila ilijikokota mno.

Siku ya kuonyesha, mzee akaja na mkewe, Mama Kulwa, na mafundi wake wote, chumba kikajaa hadi mlangoni. Nikaona wageni wa heshima hawawezi kungojeshwa (na mimi nilitaka kujidai), nikaibadilisha hatua iwe nusu sekunde, wala sikujaribu kwanza.

Kulwa akainama kidogo, Doto akainuka kidogo, watu wakaguna kwa kupendezwa, kisha Doto akainuka zaidi, Kulwa akazama zaidi, kila hatua ikipitiliza ile ya kabla yake, na badala ya kuizima nikasema kwa sauti ya darasani, "Hilo ni wimbi kubwa, litatulia," huku namba pembeni zinasema Doto yuko kilomita nne juu ya ziwa na Kulwa ameshapita chini ya matope.

Mama Kulwa akasimama. "Mwalimu, mwanangu unampeleka wapi?"

Mafundi wakaangua kicheko hadi wa mlangoni wakashikana mabega. Mzee hakucheka. Alivaa kofia yake, akasema, "Pamba yangu haiendi mbinguni," akatoka.

Asubuhi yake nikairudisha hatua ndogo, nikachapa majibu, nikavuka ziwa kwenda Kamanga. Nikamkuta ameshaifunga mitumbwi, anaijaribu na magunia ya mchanga. Nikaingia majini na suruali yangu ya ofisini, saa mkononi, nahesabu: Doto juu, Kulwa chini, sekunde tatu, vilevile kama karatasi ilivyosema, nikaanza kupiga vigelegele peke yangu.

"Shikamoo mzee, tazama."

"Marahaba." Akatazama karatasi, akatazama maji. "Kumbe mashine haina kosa. Haraka ni yako."

Kazi nikapata, ila Mama Kulwa akaweka sharti: kila mtumbwi nitakaoupigia hesabu, siku ya kwanza nipande mimi. Tangu hapo sijawahi kurefusha hatua hata kidogo, maana kuogelea sijui.