Mikono Iliyoshindwa Kufikisha Tonge

Mjukuu wangu, ile Jumamosi niliyokwenda ukweni Nyegina naikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, na bibi yenu akinisikia nikisema hivyo hununa. Imenirudia juzi nilipokukuta mbele ya kioo cha kabati langu, umekunja mkono, unaubonyeza, unaugeuza huku na huku. Sikukucheka. Mimi nilifanya hayo hayo kwenye kioo cha dirisha la jirani, tena mwenyewe akiwa ndani.

Nilikuwa kijana wa Kamunyonge. Ilikuwa miaka ya shida, sabuni kwa foleni, sukari kwa kujuana. Vyuma vya mazoezi nani angetuuzia? Mimi na wenzangu tuliokota makopo mawili ya rangi, tukayajaza zege lililobaki mahali palipokuwa pakijengwa, tukachomeka bomba la maji katikati. Kopo moja lilikuwa zito kuliko jingine, kwa hiyo ilibidi tugeukegeuke ili mikono ilingane. Kila jioni ilikuwa mikono na kifua, kifua na mikono. Miguu hatukuijali. Ilikuwa ndani ya suruali, nani angeiona?

Mara mitumba ikaruhusiwa. Nikapata fulana nyekundu mnadani Bunda, ya kubana, mikono mifupi kabisa. Nikaivaa, nikaamini mkoa mzima wa Mara hauna kijana mwingine kama mimi.

Nyangeta, huyu bibi yenu, alikuwa binti wa Mzee Mafuru, mvuvi wa Nyegina. Tulipendana, akawaambia wazazi wake, na baba yake akaniletea neno fupi: nije Jumamosi nisaidie kuvuta kokoro, kisha tule. Kokoro ni ule wavu mrefu unaozungushwa ziwani kwa mtumbwi, halafu watu wa ufukweni wanauvuta kwa kamba mbili, kundi huku na kundi kule. Katika nyumba ile, mchumba hakuulizwa maswali mengi. Aliwekwa kwenye kamba, akatazamwa.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Asubuhi ile, kabla ya kuondoka, niliyanyanyua yale makopo kuliko siku zote, ili misuli ivimbe na fulana ibane vizuri nitakapofika. Kisha nikapanda baiskeli. Mikono ilikuwa imevimba, na kichwa kimevimba zaidi.

Bibi yake Nyangeta alinitazama juu mpaka chini. "Huyu kavaa nguo ya mdogo wake?" akauliza. Nikadhani ananisifu.

Nilijiweka mbele kabisa kwenye kamba, karibu na maji, ili nionekane. Nikavuta kwa mikono tu, haraka haraka, nikikunja viwiko. Nyuma yangu walikuwa kaka zake Nyangeta na mzee mwenyewe, mwembamba, suruali imefungwa kwa kamba. Wao hawakukunja kiwiko. Waliegemea nyuma, wakakita visigino mchangani, wakarudi kinyumenyume hatua kwa hatua.

"Polepole, kijana," mzee akasema.

"Usijali, baba. Mi nimezoea."

Wavu ulipokaribia, ukawa mzito. Mikono ikaanza kutetemeka. Nikaiomba, nikaitukana kimoyomoyo, wapi! Vidole vikafunguka vyenyewe. Nikaanguka chali juu ya aliyekuwa nyuma yangu, naye juu ya mwenzake. Kamba ikalegea, upande wa chini wa wavu ukanyanyuka, na wale sato tuliokwisha kuwaona wakirukaruka wakapita chini, wakarudi ziwani kwao. Tukabaki na furu, vile visamaki vidogo, wa kujaza sufuria moja. Wanawake waliokuja na mabeseni yao wakayabeba yakiwa matupu. Nyangeta alitazama chini, na mimi nikatamani kuwafuata wale sato.

Ningeondoka, lakini mtu haondoki ukweni kabla ya kula. Ukaletwa ugali. Nikamega tonge, nikachovya, nikainua. Mkono ukafika kifuani, ukagoma! Haukukunjika tena. Nikainamisha kichwa kulifuata tonge, likaanguka, likagandamana na fulana yangu nyekundu.

"Mlisheni mgeni, jamani," bibi akasema. "Hiyo mikono ni ya maonyesho, haifanyagi kazi." Watu wakacheka hadi machozi.

Mzee Mafuru hakucheka. Aliponawa, akaniambia, "Kijana, sijakukataa. Lakini leo binti simtoi. Umelisha mikono, miguu na mgongo ukavinyima. Wavu unavutwaga na mwili mzima, na nyumba hivyo hivyo. Nenda, pamba ikishavunwa urudi."

Nilirudi nyumbani naona aibu, lakini zaidi niliogopa. Katika miezi hiyo mchumba mwingine angeweza kuja, mwenye miguu.

Basi nikaanza upya. Nilichuchumaa na kuinuka nimekumbatia ndoo ya maji, kwanza nusu, baadaye ikajaa. Nilipanda vilima nimebeba mzigo mgongoni. Siku moja kazi, siku moja nalala. Mikono sikuiacha, ila ilisubiri zamu yake. Fulana ikawa tambara la kufutia baiskeli.

Baada ya pamba nikarudi Nyegina, nimevaa shati la kawaida. Sikujiweka mahali, nilingoja nipangwe. Mzee akaniweka nyuma yake. Nikakita visigino, nikaegemea, nikaenda kwa hatua zake, mpaka sato wa kwanza akapiga mkia juu ya mchanga. Mzee hakunisifu. Alisema tu, "Kaa, ule." Na mwanangu, tonge likafika.

Kwa hiyo nenda huko mjini ukanyanyue vyuma vyako, mimi sikukatazi. Misuli mizuri inapendeza, hata bibi yenu alipendezwa, ingawa hakubali. Ila anza na miguu na mgongo. Ongeza uzito pale mwili unapouomba, si pale mtu anapokutazama. Pumzika. Kula dagaa na maharage ushibe, wala usihangaike na unga wa makopo wa kukuza misuli. Na siku yenye kazi ya kweli, usizimalize nguvu zako mbele ya kioo.

Mungu akupe mwili unaokutii mpaka uzee. Akupe mgongo wa kubeba watoto wako na miguu ya kusimama nao. Na siku utakapokaribishwa chakula ukweni, tonge lako lifike mdomoni.