Friji ya Chumba cha Eda

Nyumba yetu ya Nguvumali ilikuwa na kitu ambacho majirani hawakuwa nacho: friji ya mafuta ya taa. Baba alikuwa karani wa shamba la mkonge. Bwana mmoja pale shambani alipofunga safari ya kurudi kwao Ulaya, makarani wenziwe waliomba viti na vitanda. Baba akaomba friji. Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari, na hospitali walikuwa wamesema dawa yake ya sindano ikae penye baridi. Basi baba akaja nayo juu ya lori, kaikumbatia njia nzima, na watu wa mtaani wakamcheka.

Baba alipofariki, alioshwa chumbani mwao, kama ilivyokuwa desturi yetu. Chini ya kitanda cha kuoshea walichimba ufuo, lile shimo refu la kupokea maji ya josho, na baada ya maziko wakalifukia na kuipigapiga sakafu ya udongo mpaka ikawa sawa. Haya niliyasikia tu, maana mimi nilikuwa uani nalia na wanawake wenzangu.

Mama akakaa eda katika chumba hichohicho. Jambo la kwanza aliloagiza ni friji itolewe sebuleni, aletewe. Hatukushangaa; si dawa yake ilikuwa humo? Mahali pa kuiweka alipaonyesha mwenyewe. Wajomba zangu wakaibeba, wakaiweka, kisha wakarudi kwao Mwera. Nikabaki mimi, niliyepewa ruhusa na mume wangu nije kumwangalia.

Kumwangalia kwenyewe kulikuwa vita. Kila asubuhi, nikishika sindano, mama hugeukia ukutani. "Kesho," huniambia, au, "Mwanangu, niache." Nikamwomba, nikamfokea, nikalia. Siku nyingine alikubali, siku nyingine hakukubali, na macho yake yakaanza kuingia ndani.

Katika hali hiyo friji nayo ikagoma. Nilifungua nikakuta barafu imekuwa maji, na chupa za dawa zimepata joto la chumba. Nikajaza mafuta, nikakata utambi, nikasugua bomba la moshi mpaka nikafanana na chungu. Nikaipiga na kofi pia, maana mimi hasira zangu ziko karibu. Wapi! Mama akanitazama, akasema, "Iache tu. Nayo imechoka."

Maneno yale yalinitia hofu kuliko friji. Nikajifunga kanga, nikamwita fundi aliyekuwa akitengeneza friji za wenye maduka. Akaja, akaketi barazani. Mama akasema hapana: mwanamume hatii mguu katika chumba chake cha eda, hata yeye akihamishiwa jikoni.

"Mama, huyu amekuja kuona friji, hakuja kukuposa!" nikapayuka.

Jirani yetu wa Kihindi, mke wa mwenye duka, aliyekuwa ameketi na mama, akaangua kicheko hadi akajiziba mdomo. Fundi naye alisikia. Akasema kutoka barazani, "Haya, mwanangu, nipe dirisha tu."

Akazunguka kichochoroni, akasimama chini ya dirisha, kaupa ukuta mgongo. Nikarudisha mbao za dirisha, nikaacha upenyo.

"Kwanza mpe mama pole ya msiba."

"Kashasikia, fundi."

"Moto una rangi gani?"

"Buluu."

"Na bomba la nyuma?"

"Nimelisugua. Mikono hii hata kula nashindwa."

"Umeibana ukutani?"

"Mkono wapita."

"Tia maji kwenye sahani, iweke juu ya friji. Niambie yamekaaje."

Nikafanya hivyo. Maji yote yakakimbilia upande mmoja.

"Alhamdulillahi," akasema nilipomwambia, nami nikataka kumrushia ile sahani. Lakini akanieleza: friji ya namna ile haina mashine. Dawa iliyomo mabombani hupanda kwa moto, kisha hushuka yenyewe. Friji ikilala upande, dawa hukwama njiani. "Friji yako nzima. Tazama mguu wa upande huo."

Nikapiga magoti. Mguu wa nyuma ulikuwa umezama, na udongo pale ulikuwa laini, wa juzijuzi.

"Sakafu imetitia, fundi."

"Imetitia na nini?"

Nikageuka kumuuliza mama. Alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Ndipo nilipofahamu: pale palikuwa pa ufuo wa baba.

"Sikutaka pakanyagwe," akaninong'oneza. "Watu wanaingia, wanatoka. Pale ndipo nilipomwona mwisho."

Fundi angeweza kuuliza tena, lakini hakuuliza. Naye alikuwa mtu wa mji huu, na alijua ni nini kinacholainisha sakafu ya chumba chenye msiba. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya chini. "Kibao chini ya mguu hakitafaa, kitazama nacho. Itafutieni mahali pagumu. Msiwe na haraka. Mimi nipo hapa, siendi popote." Ninamshukuru mpaka leo kwa kutouliza, na kwa kusimama juani vile kwa ajili ya mtu asiyemwona uso.

Mama akainuka. "Marehemu hakuileta hii ipambe mahali pake," akasema. "Zimeni moto tusukume."

Tukasukuma sote watatu. Yule jirani ana nguvu, Mungu amlipe. Bila yeye tungevunjika viuno. Tukaiweka karibu na mlango, na maji ya sahani yakatulia. Fundi akatuambia tuwashe moto, tuipe muda, akaenda zake.

Mama akatandika mkeka wake pale palipotitia, akalala.

Asubuhi nilikuta ukoko wa barafu. Tukapata chupa mpya hospitali, nikaziingiza. Nikachemsha sindano, nikavuta dawa, nikasogea mkekani nikijiandaa kwa vita vyetu vya kila siku. Mama alikuwa macho. Akapandisha mkono wa nguo mwenyewe, akaninyooshea mkono.

"Haya, nichome," akasema. "Ningali na eda ya kukaa."