Lenzi Iliyoona Chumba Chote

Mama alikuwa na lalamiko moja tu kuhusu kazi yangu, nalo lilikuwa la haki: nilikuwa nakata watu. Sikufanya kwa kupenda. Nyumba yetu ya mtaa wa Mbotela, Nairobi, ilikuwa ya kanseli, yaani ya baraza la jiji: chumba kimoja cha kulala, kukaa na kupokea wageni, na jiko la kupita ubavu. Lenzi niliyokuwa nayo, ile ya kawaida inayokuja na kamera, iliona kipande tu cha chumba hicho. Hata ukisimama mlangoni kabisa, ukuta wa kulia na wa kushoto unabaki nje ya picha, pamoja na yeyote aliyeuegemea. Kwa hivyo kila Krismasi ndugu zangu walipokusanyika nilipiga picha, na kila Krismasi kuna aliyebaki bila bega au bila sikio. Mama alizihifadhi zote kwenye mkebe wa biskuti. Akitoa moja, alikuwa anaisogeza karibu na jicho na kuniuliza, "Na huyu nilimzaa nusu?"

Wateja wangu niliwatoa nje, nikawasimamisha kando ya ua, na mambo yakaisha. Mama hakutaka kusikia habari za nje. Ndani ndiko kulikuwa na kiti cha marehemu baba, saa ya ukutani aliyopewa alipostaafu kazi ya reli, na vitambaa ambavyo mama alivifuma mwenyewe miaka na miaka. Kumpiga picha nje ni kama kumvua nguo, alisema.

Katikati ya miaka ya tisini sukari ilimlaza. Ilianzia miguuni, ikapanda machoni, na kufikia mwaka ule alikuwa anaona mwanga na vivuli na, kitu kikiletwa karibu sana, umbo lake. Kutoka kitandani hakuweza tena. Asubuhi moja aliniita nikae karibu naye.

"Baba," alisema, maana ndivyo alivyoniita tangu utotoni, kama akina mama wengi wa kwetu magharibi wanavyowaita wana wao, "nataka picha moja. Ndugu zako wote sita na watu wao, hapa ndani, na mimi katikati. Usikate mtu. Siku yangu ikifika, hiyo ndiyo muiweke mbele ya jeneza. Msiweke ile ya kitambulisho. Pale nafanana na mwizi wa kuku."

Nilicheka, naye akacheka. Kisha nikatoka nje nikasimama kwenye kamba ya nguo, kwa sababu nilijua siwezi. Kamera yangu haikuwa na jinsi ya kuona chumba chote. Lenzi pana zilikuwepo duniani, lakini zile nilizowahi kushika zilikuwa kubwa kama kikombe, na hazikuwa za kamera ya aina yangu.

Wiki hiyo hiyo mkanda wa kamera ulikatika, nikaenda soko la Kariokor kwa fundi wa ngozi niliyemzoea. Alikuwa Mkamba wa makamo, mtu wa kukata akala, viatu vya matairi, ila mkono wake kwenye ngozi laini ulikuwa mwepesi kuliko wa wote sokoni. Mezani pake palikuwa na kifuko kidogo cha ngozi kilichoshonwa upya. Nikakifungua kama vile ni changu. Tabia mbaya, najua.

Ndani kulikuwa na lenzi. Nilikuwa nimeiona picha yake mara moja tu, kwenye gazeti kuukuu la wapiga picha, na nilikuwa nimeshajiambia kwamba kitu kile hakifiki kwetu. Unene wake haukuzidi mkebe mdogo wa rangi ya viatu. Ilikuwa ya chuma tupu, nzito kuliko unavyotarajia, na ubavuni ilikuwa na kijiti kidogo cha kuzungushia, kilichoingia kwenye ncha ya kidole kana kwamba kidole ndicho kilichopimwa. Kioo cha mbele kilikuwa kidogo kama kifungo cha shati. Ukikiinamisha kuelekea juani, rangi ya buluu inapita na kupotea. Nikaijaribu kwenye kamera yangu. Ikaingia, ikazunguka, ikakaza bila hata kukwaruza.

Kamera yangu ilikuwa ya kidirisha. Maana yake hutazami kupitia lenzi. Unatazama kupitia dirisha dogo lililo juu yake, pembeni, na lenzi inajionea mambo yake. Lenzi pana za kawaida hujitokeza hadi zinaziba kona ya dirisha hilo. Hii ilikuwa bapa kiasi kwamba dirisha lilibaki jeupe kabisa. Kamera haikuwa na filamu, hivyo nikafungua mgongo wake, nikaiacha lenzi wazi, na mahali pa filamu nikabandika kipande cha karatasi yenye mafuta ya mandazi ya fundi. Nikajifunika koti kichwani.

Kariokor nzima ilikuwa mle, kichwa chini miguu juu, kwenye karatasi isiyozidi stempu mbili. Safu za akala za upande huu na za upande ule. Mabati ya juu, sakafu ya chini, mwanamke wa vikapu pembeni kabisa, mzima, na vikapu vyake vyote. Fundi alikuwa katikati akinitazama kama mtu aliyepagawa. Sijui nilikaa mle ndani kwa muda gani. Najua tu kwamba nilipotoka nilikuwa na machozi, na nilisema ni jasho.

"Niuzie," nikamwambia.

"Si yangu, boss. Kuna mzee aliniachia nimshonee hiyo mfuko, akapotea. Miezi mingi sasa."

"Basi ameisahau."

"Hata akisahau, mimi sijasahau. Kitu ya mtu ikiachwa hapa, inakaa hapa. Kuna viatu hapo juu mwenyewe alishazikwa."

Nilirudi kesho yake, na siku iliyofuata. Sikuwa na kazi yoyote ya ngozi. Nilikuwa naomba tu kuishika. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, nimesimama sokoni nazungusha chuma cha mtu mwingine huku nikiona aibu, na aibu yenyewe hainiondoi. Nilijiambia kwamba ni kwa ajili ya mama. Nusu ya hayo yalikuwa kweli. Siku ya nne ndipo nikamweleza fundi habari za mama, za kitanda na za jeneza. Aliweka nyundo chini.

"Chukua Jumamosi," alisema. "Jumatatu asubuhi iwe hapa mkononi mwangu. Na huyo mama umsalimie."

Jumapili saa nne ndugu zangu wote walikuwa ndani ya chumba, kuanzia kaka mkubwa wa Mombasa hadi kitinda mimba. Tulimwinua mama, tukamwegemeza kwa mito, akafungwa kitambaa cheupe kichwani. Madirisha yalifunguliwa. Dada yangu anayekaa mtaa wa Fedha alikuwa amekuja na zawadi, chupa mpya ya chai, ndefu, nyekundu, yenye maua ubavuni, na kreti ya soda. Yeyote aliyekulia mitaa yetu anajua kilichofuata. Picha ya nyumbani bila meza yenye vinywaji ilikuwa picha ya watu wenye njaa. Soda zinapangwa, glasi zinapinduliwa, maua ya plastiki yanapanguswa vumbi, na chupa ya chai inakaa katikati, hata kama haina chai.

"Meza ije mbele," dada alisema. "Hiyo flask ionekane, brathe. Nimenunulia mum, si ya kufichwa."

Siku nyingine yoyote ningekataa. Kwa lenzi yangu ya zamani meza haikuwa na nafasi, na ndugu zangu walikuwa wameshazoea kunisikia nikisema iondolewe. Lakini siku hiyo nilikuwa na kile kitu mkononi, na kichwa kilikuwa kimenivimba.

"Leteni," nikasema. "Leo kila kitu kinaingia. Leteni hata jiko."

Wakacheka, meza ikaletwa hadi karibu na magoti yangu. Nilisimama mlangoni, mgongo kwenye mwimo. Nikatazama kwenye dirisha la kamera. Dirisha lilitengenezewa lenzi ya kawaida, kwa hivyo lilinionyesha sehemu ya katikati tu: mama, uso wake wote, na chini ya kidevu chake kifuniko cha chupa ya dada. Waliokuwa kando sikuwaona, ilibidi nikisie. Basi akili yangu yote ikaenda kando. Nilichungulia juu ya kamera, nikanyoosha mikono kupima, nikamwambia kaka asogee inchi moja. Nikapiga mara tatu, bila kuhama pale nilipo.

Filamu ilikuwa imebaki nyingi. Badala ya kusogea mbele nimpige mama peke yake, nilipiga kona za chumba, kabati kutoka ukuta hadi ukuta, dari. Nilikuwa nataka kuona lenzi inafika wapi.

"Sasa unapiga ukuta?" dada akauliza.

"Mwache," mama akasema. "Anacheza."

Jumatatu niliirudisha lenzi kama nilivyoahidi. Jioni hiyo ndugu wa mbali walikuwa wameshaondoka. Jumatano nikaenda mjini kuchukua picha zilizosafishwa, na sikungoja kufika nyumbani. Nilifungua bahasha hapo hapo kando ya barabara, na nakiri kwamba nilianza kwa kuangalia kona. Zilikuwa safi. Kaka mkubwa alikuwa na mabega yote mawili. Kitinda mimba alikuwa na masikio. Saa ya baba ilikuwepo, kiti kilikuwepo, vitambaa unaweza kuhesabu mashimo yake. Katikati ilisimama chupa ya chai, kubwa kama mnara, na juu ya kifuniko chake ukatokeza utepe mweupe wa kitambaa cha kichwa. Uso wa mama haukuwepo. Picha ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, hivyo hivyo.

Dirisha liko juu, lenzi iko chini na pembeni. Chupa ile jicho langu liliipita kwa juu, lenzi iliigonga. Kwa vitu vya mbali tofauti hiyo si kitu, na miaka yote lenzi yangu nyembamba ilikuwa imenizuia kuweka chochote karibu. Nililijua jambo hilo. Nilikuwa nimewafundisha watu jambo hilo. Nilikaa chini kwenye ukingo wa barabara, na mwuza karanga akaniuliza kama nimepata habari ya msiba.

Nilienda Kariokor nikitembea haraka haraka kama mwendawazimu, kana kwamba lenzi ingesaidia kitu ilhali ndugu walishatawanyika. Fundi alinitazama usoni kabla sijasema.

"Mwenyewe alikuja jana," alisema. "Hata hakufungua mfuko."

Nilifika nyumbani nikiwa nimeamua kusema ukweli. Niliketi kando ya kitanda. Mama akanusa bahasha, nadhani, maana alinyoosha mkono kabla sijafungua kinywa. Aliisogeza picha hadi ikagusa kope.

"Huyu ni wa Mombasa? Yuko mzima?"

"Mzima. Mabega yote."

Akaendelea, mmoja baada ya mwingine, akiwataja kwa mpangilio wa kuzaliwa, nami nikimpeleka kidole mahali pa kila mmoja. Uso wake ulikuwa unang'aa. Nilikuwa sijamwona hivyo tangu baba alipokuwa hai.

"Na mimi?"

"Uko katikati."

"Nimetoka vizuri?"

"Umetoka vizuri, mama."

Basi. Lilitoka kinywani lenyewe, na likishatoka halirudi. Akaniamuru niitundike ukutani, upande wa kitanda chake.

Walikuja majirani, walikuja akina mama wa kanisa, akaja mchungaji. Kila aliyeingia alionyeshwa. "Mimi ndiye huyo wa katikati," mama alisema, "kijana wangu alinipiga, hakukata mtu." Mgeni anasogea, anatazama, anaiona chupa, ananitazama mimi. Sikuwahi kumwomba mtu yeyote chochote. Na wote, hata mchungaji, walisema, "Umependeza sana, mama." Dada wa Fedha alipoiona mara ya kwanza alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, na aliporudi macho yalikuwa mekundu, naye akasema hivyo hivyo.

Siku moja nilikuja na kamera yangu na lenzi yake ya zamani, nikamwambia nataka kumpiga yeye peke yake. Alikuwa amekonda sana.

"Nyingine ya nini? Si ninayo?" alisema. "Hii sura ya sasa usiichukue. Watu wanikumbuke vile nilivyo hapo."

Ningesisitiza, ingebidi nimwambie kwa nini. Nikaifunga kamera. Nilikuwa najua kwamba siku yake itatukuta na picha mbili, moja ya kitambulisho aliyoikataa na moja ambayo hayumo, na kwamba nitaulizwa mimi tuweke ipi.

Asubuhi moja, akiwa na sauti ndogo sana, alinigeuzia uso kutoka ukutani.

"Baba, hapo kwenye picha, nilicheka?"

Nilijaribu kukumbuka. Nilikuwa nimemtazama kwenye dirisha la kamera mara tatu, uso wake wote, bila kizuizi, na ni mimi peke yangu duniani niliyemwona vile. Nikatafuta, sikupata kitu. Nilichokumbuka ni bega la kaka na ukingo wa kabati.

"Ulicheka, mama," nikasema.

"Meno yalionekana?"

"Yalionekana."