Koki ya Pikipiki na Udi wa Harusi

Nianze na aibu yenyewe ili tuimalize mapema: mimi ndiye yule wali, yaani mwozeshaji, aliyeuachia mkono wa bwana harusi katikati ya nikaha, akaruka magoti ya wazee waliokaa, akatoka msikitini mbio bila viatu, na nyuma yake wakamfuata watu wakimsomea Ayatul Kursi. Mkipita Mnarani mkasimuliwa kwamba yule mtu alikuwa na jini, msikubali. Hakuwa na jini, alikuwa na koki.

Mimi ni mshona mapazia hapa Malindi, nina pikipiki ambayo huipakia vitambaa nikizizungukia nyumba za wageni, na nina ugonjwa mmoja ambao mke wangu Rukia anaujua vizuri mno, ugonjwa wa kutaka kuona ndani ya kila kitu. Redio nimefungua, feni nimefungua, mita ya maji nusura niifungue (jirani alinishika mkono). Sasa koki ya pikipiki ile, yaani kile kidude kilicho chini ya tangi ambacho ukikigeuza petroli inashuka na ukikigeuza tena inakatika, ilikuwa imeanza kuvuja, tone moja, kimya kidogo, halafu tone jingine, na kila asubuhi nilikuta doa chini na harufu imeingia mpaka kwenye vitambaa vya wateja. Fundi wangu, Karisa, alikuwa ameniambia raba ya ndani imekwisha, koki ya kampuni yenyewe ingefika kutoka Mombasa juma lijalo, nivumilie. Kisha akaenda kwao Ganze msibani.

Nyinyi mngevumilia. Mimi asubuhi ya harusi ya dada yangu Fatma nilikwenda duka la spea, nikapewa koki ya kuigiza, haina jina wala alama, inang'aa kama kijiko kipya, na muuzaji akasema inaingia vizuri, watu wa boda wanazifunga kila siku. Hakunidanganya. Niliigeuza mkononi nikaona ina vijibomba viwili vya kuingia ndani ya tangi, kimoja kirefu na kimoja kifupi, na nikasimama pale kwenye kaunta nikijiuliza kwa nini visilingane, mpaka jibu likanijia lenyewe: kile kirefu ndicho cha matumizi ya kila siku, petroli ikishuka chini ya mdomo wake pikipiki inazima, na hapo ndipo unapogeuza kishikio ili ile iliyobaki chini ipite kwenye kile kifupi. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiitumia ile akiba bila kujua inatoka wapi. Nilifurahi, wallahi, nilifurahi kama mtu aliyeletewa habari za mtoto.

Na hapo ningeifunga tu mahali pake, mambo yakaisha. Lakini kwenye uso wa koki niliona viskrubu viwili vidogo, na nikajiambia, hebu nione kwanza huyu kishikio anazuiaje petroli humu ndani.

Ndani mlikuwa na raba ya duara yenye matundu, na kichuma chenye mfereji kinachozunguka juu yake. Niliyaangalia matundu yale, nikapuliza kwa mdomo, nikaelewa (au nikadhani nimeelewa), nikairudisha raba, nikakaza viskrubu, nikaifunga koki kwenye tangi. Mdomo wake wa kutolea petroli ulikuwa mwembamba kuliko wa koki ya zamani, kwa hiyo ule mpira unaopeleka petroli kwenye injini ulikaa umelegea kidogo, nami nikaufunga kwa uzi mnene wa kushonea mapazia, nikauzungusha mara nyingi nikapiga fundo. Nikawasha, ikawaka. Kuijaribu kama inafunga sikuijaribu, maana mtu mwenye safari anataka kitu kiende, hawazii kukisimamisha.

Niwaeleze kwanza ile siku ilivyokuwa nzito. Baba yetu alishafariki, kwa hiyo wali wa Fatma nilikuwa mimi, na bila mimi hapakuwa na nikaha. Tena bwana harusi, Yusuf, ni mtu wa Lamu, na alipokuja kuposa mimi nilivuta miguu sana, si kwa ubaya wake, ila kwa sababu angemchukua Fatma kumpeleka mbali na mama. Mama ndiye aliyenibembeleza mpaka nikakubali. Kwa hiyo upande wa kina Yusuf walikuwa wakiniangalia kwa jicho la pembeni, na upande wetu pia, kila mtu akitaka kuona kama nimekubali kwa moyo au kwa mdomo.

Rukia na watoto walikuwa wametangulia Mnarani kwa mama. Mimi nilimaliza kazi ya mteja mmoja, nikaswali adhuhuri, nikavaa kanzu yangu nzuri juu ya suruali, nikaikunja na kuikalia isipeperuke, nikaondoka. Gede nikapita, njia nzuri, pikipiki inakwenda laini kuliko zamani, na kuanzia Matsangoni nikawa nahisi ubaridi fulani mtamu kwenye paja la kushoto. Nikadhani ni upepo.

Nilipovuka daraja la Kilifi na kuegesha kando ya ukuta wa msikiti Mnarani, ndipo nilipoinama nikaona. Uzi wa pazia ulikuwa umelowa ukalegea, petroli inatiririka taratibu, na suruali yangu yote ya kushoto imelowa chepe. Sikuhofu. Nilikilaza kile kishikio, maana kulala ndiko kufunga, nikauchomoa mpira ili niufunge upya.

Petroli ikanirukia. Kifuani, kwenye mikono ya kanzu, mapajani. Kumbe ile raba niliirudisha vibaya, na pale palipotakiwa kufungwa ndipo palipokuwa wazi kabisa. Nikaziba kwa kidole, nikageuza kishikio juu, ikaja, nikakigeuza chini, ikaja, na mpaka nilipogundua kwamba ukikiacha kati na kati inakatika, nilikuwa nimeoga. (Na nitawaambia ukweli, hata pale nilipokuwa nimelowa vile, sehemu moja ya kichwa changu ilikuwa inasema: ahaa, kumbe matundu yalipishana.)

Mjomba wangu Bakari akatokea mlangoni. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza kwamba nimemwagikiwa petroli na nataka kwenda nyumbani kubadilisha. Akasema alasiri imeshaswaliwa, watu wamekaa, sheikh ameshika maiki, na nikionekana ninaondoka sasa watu watasema nimebadili nia. Harufu itapotea na upepo, akasema. Akanishika mkono akaniingiza.

Nikaketi mbele ya Yusuf, goti kwa goti, nikaupokea mkono wake wa kulia kama nilivyoelekezwa. Sheikh akaanza hotuba. Pua zikaanza kufanya kazi. Mtu mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba jenereta linavuja, mwingine akainuka akaenda kuliangalia, akarudi akisema ni zima. Yusuf aliniangalia usoni mara moja tu akateremsha macho, kijana mwenye adabu. Nami nikajipa moyo kwamba ni aibu ya harufu tu, itapita.

Ndipo likaja jambo ambalo sikulifikiria hata kidogo. Ami yake Yusuf, Mzee Famau, mtu mrefu mwenye ndevu nyeupe, alinyanyuka na chetezo chenye makaa yaliyoiva, udi unafuka, akaanza kuwafukiza waliokaa, mmoja mmoja, na mgeni wa heshima zaidi hufukizwa vizuri zaidi, upindo wa kanzu unanyanyuliwa na chetezo kinawekwa chini yake ili moshi uingie. Na mgeni wa heshima zaidi pale nilikuwa mimi.

Nilimtazama akija. Nikasogea nyuma kidogo. Akatabasamu, akadhani ninaona haya, akainama. Cheche moja ikaruka kutoka kwenye makaa ikaangukia mkeka, ikazima, na mimi hapo hapo nikauachia mkono wa Yusuf nikaondoka.

Sasa hebu jiwekeni mahali pa wale wazee. Mtu anafukizwa udi, anatoa macho, anakimbia. Nani asiyejua ni nini hukimbia udi? Nilipofika uani kwenye birika la kutawadhia na kugeuka, niliona nusu ya msikiti inanifuata ikisoma, na mbele yao Mzee Famau na chetezo chake, anakuja polepole bila hofu, kama mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo.

Nikasema asisogee. Akasimama, lakini sauti yangu ilikuwa imekauka kwa woga ikatoka nyembamba, si sauti yangu, na hilo nalo likanidhuru.

"Nani anayesema?" akaniuliza kwa upole.

"Mimi Swaleh."

"Unataka nini kwa Swaleh?"

"Nataka ukiondoe hicho chetezo."

Wazee wakaangaliana, maana jibu hilo ndilo walilolitarajia. Nikaanza kueleza koki, raba, matundu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kusoma, kwa sababu mambo yale hata mimi nikiyasikia leo naona si maneno ya mtu mzima kwenye nikaha. Mzee Famau akapiga hatua moja. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, na hapo niwaambie, niliogopa kweli. Niliona jinsi Fatma atakavyoletewa habari.

Aliyeniokoa ni Yusuf. Alipenya katikati ya watu, hakusema nami, alimwendea ami yake akamwinulia kiganja cha mkono wa kulia, ule niliokuwa nimeushika.

"Ami, hebu nusa mkono wangu."

Mzee Famau akanusa. Akanitazama kuanzia kifuani mpaka miguuni, akatazama makaa, na pole pole, bila kugeuka, akaanza kurudi kinyumenyume, na watu wote nyuma yake wakarudi vilevile, mpaka chetezo kikafika barabarani kikafukiwa mchanga. Hakuna aliyecheka wakati ule. Walicheka baadaye, na bado.

Nikaoga palepale, nikaazimwa kanzu ya mwadhini, ambaye ni mtu mfupi, na kwa kanzu iliyoishia kwenye ugoko nikarudi kuketi mbele ya Yusuf. Nilipomwambia nimekuozesha dada yangu Fatma, nilisema kwa moyo wangu wote, kwa sababu kijana anayeweza kufikiri kati ya watu wanaosoma, huyo unaweza kumpa dada yako akaenda naye hata Lamu.

Lakini simu zilikuwa zimenitangulia. Nilipofika nyumbani nilikuta wanawake wameacha vigelegele, mama amekaa kitandani ameshika kichwa, na Fatma na hina yake na dhahabu zake amegeukia ukutani. Wengine waliambiwa kaka mtu ana jini, yeye aliambiwa kaka mtu amekataa.

"Kaka, umeniozesha au hukuniozesha?" akaniuliza bila kugeuka.

Nikamwambia nimemuozesha, na nikaketi chini nikamsimulia yote tangu dukani, mpaka vile vijibomba viwili, kirefu na kifupi, na kwa nini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuka, machozi yamemharibia wanja, akaiangalia ile kanzu ya mwadhini magotini mwangu.

"Na hiyo raba," akasema, "kesho usingeiona?"

Karisa aliporudi kutoka msibani aliigeuza raba mara moja tu, koki ikafunga vizuri kabisa, na ndiyo ninayoitumia mpaka sasa. Kutaka kujua sijaacha, nisiwadanganye, juzi nimefungua cherehani ya Rukia. Lakini nimejiwekea nadhiri: siku ya harusi ya mtu, awe ndugu, awe jirani, sifungui kitu chochote, hata kifuniko cha sufuria.